HOTUBA: NI NANI ANAYEPIMA SUMU KATIKA MAHINDI YETU?

Hotuba ya afisa wa afya ya umma katika baraza la wakulima na wafanyabiashara wa nafaka



Mara nyingi mnatuuliza: "Mahindi haya tumeyala tangu zamani. Ni nani aliyesema yana sumu?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Wapo wanasayansi ambao kazi yao ni kuchunguza sumu: za kuvu, za dawa za kunyunyizia mimea, za madini kama risasi na zebaki. Wana vyama vyao vya kitaaluma. Kimoja kinachojulikana sana, Society of Toxicology, kilianzishwa Marekani mwaka wa 1961. Katika vyama kama hivi, mtu hasimami tu na kutangaza kwamba kitu fulani ni sumu, akaaminiwa. Wenzake humhoji. Ni kiasi gani kinachodhuru? Kinaingia mwilini kwa njia gani? Baada ya muda gani? Ulipimaje?

Ni uchunguzi wa namna hiyo uliofichua aflatoksini. Mwaka wa 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza. Wachunguzi walifuatilia chakula chao, wakakuta mashudu ya njugu yaliyoota kuvu.

Hapa Ukambani hatuna haja ya mifano ya mbali. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua Makueni, Kitui na maeneo jirani. Watu 125 walifariki. Walikula mahindi waliyohifadhi kabla hayajakauka vizuri.

Leo kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 za aflatoksini kwa kila sehemu bilioni moja za mahindi. Katika gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu moja, sawa na punje chache za chumvi. Jicho haliwezi kuiona. Ndiyo sababu tunategemea vipimo, na ndiyo sababu wanaopima wanapaswa kuhojiwa na wenzao.

Lakini mwanasayansi hatakuja kukuanikia mahindi. Hiyo ni kazi yetu.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kausha mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 au chini yake. Kama huna kifaa cha kupimia, tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise, kisha uache yatulie. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mahindi yaliyoota kuvu usiyapike ukidhani moto utaua sumu. Hauiui. Usimpe ng'ombe pia, kwa maana sumu hupitia kwenye maziwa na kumrudia mtoto wako. Na tafadhali, usimuuzie jirani.

Najua kutupa gunia kunauma, hasa mwaka wa njaa. Kabla ya kuamua, zungumza na afisa wa kilimo wa wadi yako. Ukiona mtu wa nyumbani macho yamegeuka manjano, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.