Nishani ya Rafiki Yetu na Deni Alilotuachia

(Mazungumzo na viongozi wa walei na wajumbe wa Tume ya Haki na Amani, mwezi wa kuwaombea Marehemu)



Tumekutana katika mwezi wa Novemba, ambao Kanisa limeutenga kwa ajili ya kuwakumbuka waamini waliotutangulia. Mwaka huu tunamkumbuka mtu ambaye mwaka jana alikuwa pamoja nasi katika mkutano huu huu. Wengi wenu mlimfahamu kama mwenyekiti wa jumuiya, msuluhishi wa kesi za mipaka ya vibanja, na askari wa Vita vya Kagera aliyetunukiwa nishani kwa ushujaa. Hatutalitaja jina lake. Mwenyewe hakupenda kutajwa, na familia yake imetuomba tuliheshimu hilo katika maandishi.

Sisi tuliokuwa rafiki zake tumeombwa kuzungumza kwa niaba ya Tume. Tungeweza kumsifu tukaishia hapo, kwa maana sifa alistahili. Lakini Tume hii haikuundwa ili kusoma tanzia. Kazi yake ni kuuliza haki inatudai nini. Kwa hiyo tutamwomboleza rafiki yetu kwa kujiuliza mambo matatu: aliitikia wito gani, alibeba mzigo gani, na ametuachia deni gani.

1. Wito alioitikia

Vijana waliozaliwa baada ya vita huisikia habari hii kama hadithi ya kale, basi na tuikumbushe kwa ufupi. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni mali ya Uganda. Raia waliuawa, wanawake wakanajisiwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo ya mpaka, na kiwanda cha sukari kikaporwa na kuharibiwa. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Maelfu ya watu walikimbilia kusini wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani.

Tarehe 2 Novemba, siku ile ile Kanisa lilipokuwa likiwaombea Marehemu Wote, Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba taifa litapigana mpaka mvamizi aondoke. Rafiki yetu alikuwa kijana mkulima wa kahawa na ndizi, mwenye mafunzo ya mgambo tu. Alijiandikisha. Hakuwa mtu wa kupenda ugomvi. Alikuwa mtu aliyewaona jirani zake wakilala chini ya miti ya barabarani.

Je, Mkristo huyu alikosa? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba vita ni balaa la kuepukwa kwa kila njia, na kwamba njia zote za amani zikishindikana, serikali haiwezi kunyimwa haki ya kujilinda kwa halali. Hati hiyo inawahesabu askari wanaotimiza wajibu wao vema kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu. Neno la kuzingatia hapo ni "vema". Silaha iliyo halali mkononi haihalalishi kila jambo litendwalo na mkono huo. Rafiki yetu alilifahamu fundisho hili kabla hajalisikia mahubirini, kwa sababu alilisoma njiani.

2. Mzigo alioubeba

Mutukula ulitekwa Januari 1979. Rafiki yetu alipita hapo siku chache baadaye. Kabla ya hapo, askari wetu walikuwa wameona maiti za ndugu zao kaskazini ya Kagera, na hasira ilikuwa imewajaa. Mji ule ulibomolewa kwa matingatinga, na baadhi ya raia, wakiwamo wazee ambao hawakuwa na nguvu za kukimbia, waliuawa kwa kisasi. Habari hizo zilipomfikia, Mwalimu Nyerere alihuzunika, akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Amri hiyo ni heshima kwa nchi yetu. Lakini amri haifufui wafu, na hata baada yake mji wa Masaka, uliotekwa tarehe 24 Februari, uliharibiwa vibaya.

Nishani aliipata Lukaya. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, katika barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala, majeshi ya Amin yakisaidiwa na askari wa Libya yalishambulia kwa makombora. Brigedi ya Tanzania iliyokuwa hapo ilikuwa na mgambo wengi ambao hawakuwa wamewahi kuona mapigano, nayo ikatawanyika kwenye mafunjo na matope. Rafiki yetu alirudi mara mbili ndani ya kinamasi kuwatoa wenzake waliojeruhiwa. Kesho yake majeshi yetu yalijipanga upya na kushinda. Tarehe 11 Aprili Kampala ilianguka, na tarehe 3 Juni wanajeshi wetu walifika mpaka wa Sudan.

Aliporudi nyumbani alipokelewa kwa ngoma na vigelegele. Kisha ngoma zikanyamaza, akashika jembe, na mtu yeyote asimwulize anaendeleaje. Nchi yenyewe ilikuwa imeishiwa. Wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi kumi na minane, na dhiki ikaendelea kwa miaka mingi zaidi. Katika hali hiyo, askari asiyepata usingizi alionekana kuwa jambo dogo. Mkewe ndiye aliyejua kwamba mvua kubwa ya usiku ikipiga mabati, mumewe alitoka kitandani na kwenda kusimama mlangoni mpaka itulie.

Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Hesabu, iliwaagiza askari waliorudi kutoka vitani wakae nje ya kambi siku saba wakitakaswa, hata kama wamerudi na ushindi. Makabila yetu mengi nayo yalikuwa na desturi za kumtakasa mtu aliyemwaga damu kabla hajaketi tena na watu wake. Wazee hao walijua kwamba mtu hutoka vitani mwili ukiwa mzima na moyo ukiwa umebaki huko. Sisi tuliwapa askari wetu gwaride, tukadhani limetosha.

Juu ya Mutukula alituambia maneno machache, tena baada ya miaka mingi. Alisema: "Mimi sikuua mzee yeyote pale. Nilipita, nikaona, nikanyamaza. Lukaya wamenipa nishani. Mutukula hakuna aliyeniuliza."

Ndugu zangu, tunaweza kuwa na vita vya haki na bado ndani yake mkawa na dhambi. Anayeficha la pili ili kulinda la kwanza hamtetei askari. Anamwacha peke yake na dhamiri yake.

3. Nia ya misa iliyoleta manung'uniko

Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, rafiki yetu alitoa sadaka ya misa. Katika bahasha aliandika majina ya wenzake waliokufa vitani, na chini yake maneno haya: "na marehemu wa Mutukula, na askari wa upande wa pili." Nia hiyo iliposomwa mara ya kwanza kanisani, kulikuwa na minong'ono. Wapo waliokwenda kwa katekista kuuliza kama parokia sasa inawaombea wanyang'anyi.

Mmoja wao alikuwa mama mjane, ambaye mumewe aliuawa katika uvamizi wa mwaka 1978 na mwili wake haukupatikana. Aliuliza waziwazi: "Aliyemuua mume wangu naye aombewe hapa hapa ninapopiga magoti?" Swali hilo halikuwa la chuki. Lilikuwa swali la mtu aliyenyimwa hata kaburi la kulilia.

Rafiki yetu alikwenda kwake. Hakwenda na Biblia ya kumshinda kwa hoja. Alikaa, akamsikiliza akieleza habari za mumewe mchana kutwa. Mwisho alimwambia kwamba kumwombea mtu si kusema kuwa hakutenda ubaya. Ni kumkabidhi kwa Hakimu asiyekosea. Mama yule hakukubali siku ile, wala hatukupata kusikia kwamba alikubali baadaye. Ila mwaka uliofuata naye alileta bahasha yenye jina la mumewe, na nia zote mbili zikasomwa katika misa moja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka hadi mwaka.

Tunawaomba viongozi mlitazame jambo hili kwa makini. Haki haimlazimishi aliyeumizwa kusamehe kwa ratiba ya watu wengine. Wala uchungu wa aliyeumizwa hauwezi kumfungia mtu mwingine mlango wa sala. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, Yuda alikuta hirizi za miungu ya uongo chini ya nguo za askari wake waliouawa. Hakuwakana, wala hakuificha dhambi yao. Alikusanya mchango, akaupeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili yao. Ukweli na huruma vilikwenda pamoja. Rafiki yetu alifanya vivyo hivyo, akaongeza na wale wa upande wa pili.

Wala sala yake haikuishia kanisani. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupita nyumba kwa nyumba akikusanya maharage na blanketi. Alipoulizwa kwa nini anahangaika na wageni, alijibu kwamba mwaka 1978 wageni barabarani walikuwa sisi.

4. Deni alilotuachia

Deni la kwanza ni hiyo misa. Mtoaji wa sadaka amefariki. Tukinyamaza, mwakani nia ile haitasomwa. Tume inapendekeza kwamba jumuiya zote za parokia zichangie kwa zamu, na nia isomwe kama alivyoiandika yeye, bila kupunguzwa neno.

Deni la pili ni mjane wake. Matanga hayajaisha vizuri, baadhi ya jamaa walifika kudai hati za kibanja na nishani, wakisema vyote ni vya ukoo. Kwa bahati marehemu alikuwa ameandika wosia mbele ya mashahidi. Lakini wangapi kati yetu wameandika? Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua, katika kesi iliyotoka mkoani kwetu, kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata, kumiliki au kutumia ardhi. Sheria hizi hazimsaidii mjane asiyezijua, au anayezijua lakini hana wa kumsindikiza mahakamani. Haifai tumwimbie shujaa nyimbo kaburini, kisha tumwache mkewe afukuzwe katika shamba alilolilima akiwa peke yake mumewe alipokuwa vitani.

Deni la tatu ni askari wenzake walio hai. Wamezeeka, na kila mwaka wanapungua. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka. Siku nyingine zote za mwaka ni zetu sisi majirani. Kila jumuiya iwatambue wazee hao, iwasaidie kufuatilia stahili zao, na zaidi ya yote iwasikilize. Wapo wenye neno la Lukaya la kusimulia. Wapo wenye neno la Mutukula, na hao wanahitaji zaidi mtu wa kukaa nao.

Deni la nne ni kwa vijana. Tuwapeleke Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya askari waliokufa katika vita hivyo, wakasome majina na miaka. Tuwaeleze ushujaa wote na ukweli wote. Kijana anayeambiwa nusu atadhani vita ni sherehe yenye bunduki.

Ndugu wapendwa, tunalia kwa sababu tumempoteza rafiki. Hatutaona haya kulia; Daudi, naye askari, aliomboleza hadharani kwa ajili ya Yonathani, akamwombolezea pia Sauli aliyekuwa akimwinda. Tumwombee rafiki yetu pumziko la milele, yeye aliyewaombea hata ambao hakuna aliyewaombea. Na tusimwachie mjane wake peke yake kazi ya kumkumbuka.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo askari mstaafu au mgambo wa vita? Ni lini mara ya mwisho tulimtembelea bila shida ya kutuita?

2. Yupo marehemu ambaye tunaona vigumu kumwombea? Ni nini kinatuzuia, na ni nani aliyeumizwa ambaye tunapaswa kumsikiliza kwanza?

3. Ni wajane wangapi katika jumuiya yetu wana mgogoro wa shamba? Nani atawasindikiza kufungua mirathi mahakamani, na lini?