Baba Hata Mfuko Ukiwa Mtupu



Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sisi watu wa mijini methali hiyo tumeigeuza sheria ya nyumbani. Mwanamume akipunguzwa kazini, haipiti miezi miwili na heshima yake nayo imepunguzwa. Watoto wanaomba ruhusa kwa mama, fundi anaelekezwa kwa mama, na yeye mwenyewe anaanza kutoka alfajiri bila ya safari, mradi tu majirani wasimwone amekaa. Leo nataka kumtetea baba huyo, na shahidi wangu nitamtoa mbali, katika michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Marekani.

Msinicheke. Mchezo unaoikusanya familia nzima sebuleni unafundisha, bila ya kusema kwamba unafundisha, nani wa kuheshimiwa na nani wa kudharauliwa.

Tarehe 8 Februari 1974, kituo cha CBS kilianza kuonyesha mchezo ulioitwa Good Times. Jina lilisema mambo ni mazuri, lakini familia ya Evans, watu weusi wa Chicago, iliishi katika magorofa ya watu masikini. Baba mwenye nyumba, James Evans, alichezwa na John Amos. Hakuwa msomi. Leo anaosha magari, kesho ameachishwa. Mara anashika kazi mbili na kodi ya nyumba bado haijatimia. Lakini akiingia mlangoni, wote wanajua baba amerudi. Anacheka na watoto wake watatu, anamkumbatia mkewe mbele yao, na mtoto anayevuka mpaka anaujua ukali wake. Msaada wa kuhurumiwa hautaki. Mfuko ni mtupu, lakini kiti chake hakikaliwi na mwingine.

Baba huyo nusura asiwepo. Esther Rolle, aliyecheza kama mama Florida, alipoletewa mchezo huo alikuta mama amewekwa alee watoto peke yake. Akakataa: bila ya mume, hachezi. Hakutaka nyumba ya mtu mweusi ionyeshwe tena kana kwamba haina baba. Watayarishaji wakakubali, na ndipo James alipozaliwa. Naam, ni mwanamke aliyempigania baba huyo.

Baadaye mzozo ukazuka. Mtoto wa kwanza, J.J., aliyechezwa na Jimmie Walker, alipendwa sana kwa vituko vyake, na watunzi wakazidi kumwongezea. Amos na Rolle wakalalamika. Amos aliuliza kwa nini kicheko chote kitoke kwa kijana wa mizaha, wakati nyumba ile ilikuwa na binti, Thelma, na mdogo wao Michael, watoto wenye akili na ndoto za kusoma. Hakuuliza kwa sauti ya chini. Mwaka 1976 mkataba wake haukuendelezwa, na James Evans akauawa kwa kalamu: ajali ya gari, kule Mississippi, alikokwenda kwa ajili ya kazi mpya. Oneni uchungu wake. Mtu ametafuta kazi miaka yote, na siku inapopatikana ndiyo inayomzika.

Rolle naye aliondoka mwaka 1977, akarudi mwaka uliofuata, na mwaka 1979 mchezo ukafungwa. Sisemi kwamba ni kifo cha James peke yake kilichoumaliza. Nasema vituko vilibaki, lakini uzito uliondoka. Mzaha wa mtoto huchekesha zaidi pale panapokuwa na mtu ambaye mtoto anaogopa asiusikie.

Amos hakupotea. Mwaka 1977 alikuwa Kunta Kinte wa utu uzima katika Roots. Mwaka 1988 alikuwa Cleo McDowell, yule mwenye mgahawa ambaye binti yake anapendwa na mwana wa mfalme katika Coming to America, filamu ambayo wengi wenu mnaijua. Alifariki Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka 84.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona Uncle Phil wa The Fresh Prince of Bel-Air, aliyechezwa na James Avery, alikuwa tajiri, tena jaji, na tukampenda? Jibu liko katika kipindi kimoja cha mwaka 1994. Baba mzazi wa Will, dereva wa lori, anarudi baada ya kutoweka miaka kumi na minne. Anamwahidi kijana safari ya pamoja, kisha anaondoka tena bila yeye. Will anajifanya hajali, mpaka anashindwa na kulia. Uncle Phil hamwandikii hundi. Anamkumbatia tu. Jumba lote lile la kifahari halikuwa na kazi dakika ile. Kilichotakiwa ni mtu aliyebaki. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Basi, akina baba mnaonisikiliza huku bahasha ya kupunguzwa kazi iko mfukoni, msitoke alfajiri kwenda kujificha. Tafuteni kazi, ndiyo, lakini jioni rudini mketi na watoto, muulize habari za shule, mkemee pa kukemewa. Nanyi akina mama, fanyeni kama Esther Rolle: mtoto akija kuomba ruhusa, mwambieni akamwulize baba yake. Ruhusa haigharimu hata senti moja, na baba asiye na kitu bado anayo ya kutoa.

Hadi wiki ijayo, kwa herini.