Mtoto Asile Kabla ya Nusukaputi



Leo tuzungumze juu ya mtoto anayekwenda kupasuliwa. Wazazi wengi tunaogopa kisu. Lakini liko jambo jingine la kuangalia: dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusukaputi.

Dawa hii inatusaidia sana. Mtaalamu wa usingizi humpima mtoto uzito, kwa sababu kipimo cha dawa hufuata kilo zake. Kisha hukaa naye, akiangalia pumzi na mapigo ya moyo. Watoto walio wengi huamka salama. Hata hivyo hatari zipo, na nyingine sisi wazazi tunaweza kuzizuia.

Je, kwa nini mtoto anakatazwa kula? Mtu aliye macho, chakula kikimpanda kooni hukohoa au hukitema. Mtoto aliyelala kwa nusukaputi hawezi. Uji ukipanda kutoka tumboni unaweza kuingia mapafuni. Hapo mtoto anaweza kupata nimonia, au kufa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme atapasuliwa saa 3 asubuhi. Chakula, uji na maziwa ya ng'ombe, mwisho ni saa 9 usiku, yaani saa 6 kabla. Maziwa ya mama, mwisho ni saa 11 alfajiri, yaani saa 4 kabla. Maji matupu, mwisho ni saa 1 asubuhi, yaani saa 2 kabla. Hospitali ikiwapa saa nyingine, fuateni hizo.

Mtoto atalia njaa. Bibi atamwonea huruma, ampe kipande cha muhogo kwa siri. Huruma hiyo ni ya hatari. Kama amekula, semeni. Msifiche kwa kuogopa kukaripiwa au kupoteza nauli. Nauli itatafutwa tena. Mtoto hatafutwi tena. Na kama ni upasuaji wa haraka, waganga wana njia zao, lakini lazima wajue.

Semeni pia kama ana mafua, kikohozi au homa. Njia ya pumzi ya mtoto ni nyembamba. Ikivimba, hewa hupita kwa shida. Tajeni jino linalolegea, na dawa yoyote aliyokunywa, hata ya miti shamba.

Ndugu, sisi tunajua kusoma na kuandika. Basi tuandike kwenye karatasi mtoto alikula nini na saa ngapi. Fomu ya idhini tuisome kabla ya kutia sahihi. Pasipoeleweka, tuulize. Kuuliza si ujinga.