KITI CHA KUSUKA CHA KUKAA NJE

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama



Wenzangu wamesema juu ya kahawa, na ni haki yao. Mimi nitasema juu ya kiti cha kusuka, cha kuwekwa nje ya nyumba. Kahawa hulipa kwa msimu, na bei yake hupangwa mbali nasi. Kazi ya mikono yaweza kuleta fedha nyumbani katika miezi ambayo ghala ni tupu. Lakini haitaleta kitu ikiwa mnunuzi atakitupa kiti chetu baada ya masika moja.

Ustadi wa kusuka hatuukosi. Wazee wetu walisuka nyumba nzima: msonge ulifungwa kwa miti na matete, kisha ukaezekwa nyasi toka kileleni hadi chini. Nyasi ndizo zilizopokea mvua, na zilipooza zilibadilishwa. Matete yaliyoibeba nyumba yalikaa pakavu. Kila kitu kilipewa kazi kinayoiweza.

Basi mwenye kubuni kiti aanze kwa kuuliza: Kitakaa wapi? Bukoba hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Kiti cha mafunjo, ukindu au maganda ya mgomba hufaa sana barazani, chini ya paa. Kikiachwa uwanjani huloa, huota ukungu, na huoza. Hilo si kosa la mmea, ni kosa la aliyekibuni. Kiti cha uwanjani chataka nyuzi za plastiki zilizotiwa dawa ya kustahimili jua, na kiunzi cha aluminiamu, au cha chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu.

Wako wasusi wanaohofu kwamba nyuzi za kiwandani zitawanyang'anya kazi. Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1990 Bobby Dekeyser, aliyekuwa mlinda mlango wa mpira wa miguu, alianzisha kampuni ya Dedon huko Ujerumani. Nyuzi zake zilikuwa za plastiki, lakini viti vilisukwa kwa mikono huko Cebu, Ufilipino, kwa mafundi waliozoea henzirani. Kiwanda kilitoa uzi. Mkono ndio uliotoa kiti.

Katika kazi yenyewe, yafuatayo yashikwe. Kikalio kiwe sentimita 40 hadi 45 kutoka chini, na mgongo ulale nyuma kidogo. Kingo za kiunzi zilainishwe, kwa maana ncha kali hukata uzi. Msuko wa kikalio uache matundu, maji yapite yasituame. Ukindu na mafunjo yalowekwe kiasi tu ili yasikatike. Yakilowa mno, msuko hulegea yanapokauka.

Aluminiamu ni ghali, wala msusi mmoja hawezi kuinunua kwa faida. Hapo ndipo ushirika unapofaa: Chama kinunue kwa pamoja, na kila msusi akatwe gharama kiti kinapouzwa. Tena Chama kichague vielelezo vichache vyenye vipimo visivyobadilika, na kila kiti kikaguliwe kama kahawa ipangwavyo madaraja. Hoteli ikiagiza viti 20, Bukoba wasuke 10 na Muleba 10, na mtu asiweze kuvitofautisha. Na kila kimoja kiandikwe wazi: cha barazani, au cha uwanjani, ili mnunuzi asidanganyike.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naomba Halmashauri ilifikirie jambo hili kabla ya masika kuingia.