Swali la Kutaka Kujua
(Mawaidha yaliyotolewa Kizimbani baada ya sala ya Alasiri)

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika hadithi aliyoipokea Umar (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, Jibril (A.S.) alikuja kwa sura ya mtu aliyevaa nguo nyeupe. Hakutoa khutba. Alikaa mbele ya Mtume (S.A.W.), magoti kwa magoti, akauliza juu ya Uislamu, Imani, Ihsani na Kiyama. Alipoondoka, Mtume akawajuulisha masahaba kwamba Jibril amekuja kuwafundisha dini yao. Tuzingatie: aliyeuliza ndiye aliyehesabiwa kuwa amefundisha.

Wanazuoni wamelipambanua swali. Liko la taannut, la kumtega mtu aanguke, na liko la istirshad, la kutaka uongofu. Matamshi huweza kuwa mamoja, nia zikatofautiana. Jambo hili ni zito zaidi kwetu sisi walimu, tuliozoea kuuliza tunayoyajua majibu yake.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Kizimbani, kama mnavyojua, ni katika sehemu za mwanzo kupandwa mikarafuu hapa Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, na msimu wa karafuu una hukumu zake. Msimu mmoja kijana wa darsa la alfajiri alikuwa akisinzia juu ya msahafu. Tukamuuliza: "Kwa nini huna adabu na Kitabu cha Mwenyezi Mungu?" Akainamisha kichwa. Tukarudia kwa sauti ya juu zaidi, na kimya chake tukakifanya ushahidi. Siku nyingi baadaye tulimkalisha peke yake: "Mwanangu, jana ulilala saa ngapi?" Saa saba usiku. Mama yake akipokea karafuu za kuchambua kwa ujira, naye akimsaidia kutoa makonyo hadi pishi zitimie.

Lile swali la kwanza, ndugu zangu, lilikuwa ni bakora tu.

Amepokea Abu Daud habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akawajibikiwa na josho. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alighadhibika: kwa nini hawakuuliza na hali hawajui? Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa wepesi wa kujibu, kama sisi.

Imepokewa kwamba Umar (R.A.) aliwahimiza watu wazihesabu nafsi zao kabla hazijahesabiwa. Sisi tulikuwa tukiwahesabu wanafunzi. Sasa kabla ya kulala tunajiuliza: tulipomuuliza fulani leo, tulitaka kujua au tulitaka kuonekana tunajua? Nyusiku nyingi jibu halituridhishi.

Kijana yule tulimtaka radhi mbele ya wenzake, kwani mbele yao ndiko tulikomtahayarisha. Darsa lake tukalihamishia baada ya Alasiri mpaka karafuu zilipokwisha.

Wabillahi taufiq.