Kulea Watoto ni Kazi ya Ushirika
Hotuba kwa wanachama wa Makuyuni, Korogwe



Twaadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, na walionitangulia wamenena vyema juu ya mazao, mizani na bei. Mimi nimeombwa kunena juu ya kituo cha familia na watoto, kinachoendeshwa na wanakijiji wenyewe kwa kujitolea.

Kila mmoja wetu ajua mambo yalivyo masika yaanzapo. Baba na mama huondoka alfajiri kwenda kwenye mahindi au mkonge. Mtoto mdogo ama hushinda juani mgongoni mwa mamaye, ama huachiwa dada yake. Dada huyo ni mwanafunzi. Siku amleayo mdogo wake, nafasi yake darasani i wazi. Hivyo kukosa mahali pa kulelea mtoto mmoja huwapunguzia haki watoto wawili.

Jambo hili si geni nchini. Katika miaka ya 1970 vijiji vingi vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo hivyo, na mwaka 2009 mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Mtoto, itakayo kila kituo kiandikishwe. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Sheria ipo na nia ipo. Lakini sheria haipiki uji.

Wapo watakaosema kwamba chama ni cha mazao, wala si cha watoto. Na tuwatazame waliotutangulia. Wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, baadaye walitenga sehemu mbili na nusu katika kila mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na maktaba yao. Na mwaka 1995 vyama vya ushirika vya dunia, vilipokutana Manchester, viliandika kuijali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika.

Ndugu zangu, mtu hachoki kujitolea kwa sababu moyo wake ni mdogo. Huchoka pale mzigo wa wote unapoachwa juu ya kichwa chake peke yake. Mama mmoja akilea watoto wa kijiji kizima, bila msaidizi wala posho, tusishangae siku atakapofunga mlango akarudi shambani kwake. Kwa hiyo yafaa kituo kiendeshwe kama tuendeshavyo ghala letu.

Kwanza, pawe na zamu. Jengo, choo na mahali pa maji vijengwe kwa msaragambo, na walezi wapokezane kwa orodha ijulikanayo na serikali ya kijiji. Akina baba nao waandikwe katika zamu hiyo; kuteka maji na kupasua kuni ni malezi pia.

Pili, pawe na daftari. Wakati wa mavuno kila kaya itoe kiasi cha mahindi kilichokubaliwa, na karani aandike kilichoingia na kilichopikwa, kama aandikavyo magunia.

Tatu, hesabu zisomwe hadharani. Ikiwa chama kitatenga sehemu ya ziada kwa posho na mafunzo ya walezi, basi uamuzi huo utoke katika mkutano mkuu, kwa kura za wanachama, wala usitoke katika chumba cha viongozi. Fedha ya mkulima ni jasho lake, naye ana haki ya kuuliza.

Tukifanya hivyo, faida itarudi shambani. Mama asiye na wasiwasi hupalilia mistari mingi zaidi, na msichana aliyebaki shuleni ndiye atakayekuwa karani wetu wa kesho. Jioni jengo hilohilo laweza kutumika kwa kisomo cha watu wazima na kwa mafunzo ya lishe.

Wazee wetu walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Mikono ya Makuyuni ni mingi, nayo imekwisha kuzoea kufanya kazi pamoja kwa miaka kumi. Naomba jambo hili liandikwe katika ajenda za mkutano mkuu ujao, lijadiliwe na kupigiwa kura.