Kunyamaza Mbele ya Mungu

Hotuba kwa Walimu, Makatekista na Wazee wa Parokia katika Juma la Jubilei



Katika siku hizi za Jubilei tumesikia hesabu ya makanisa yaliyojengwa, ya shule zilizofunguliwa na ya watu waliobatizwa, nasi tumemshukuru Mungu. Mimi nimeagizwa niseme nanyi habari ya jambo lisilohesabika, nalo ni sala ya kimya. Maana katika parokia zetu wako Wakristo waombao ruhusa ya kuanzisha vikundi vya kutafakari kwa kunyamaza, na wako wengine wawazuiao. Wale wa kwanza wasema wana kiu. Wale wa pili waogopa yasije yakaingia mafundisho mageni. Wote ni watu wa imani, wala haifai kuwadharau hawa wala hawa. Basi natulitazame shauri hili kwa taratibu: kimya hiki asili yake nini, hofu ya ndugu zetu yajibiwaje, na tukikipokea tukitendeje.

ASILI YAKE

Wengi wadhani ya kuwa kukaa kimya mbele ya Mungu ni desturi ya Wazungu wa monasteri, au ya watu wa Bara Hindi. Lakini walimu wakuu wa kwanza wa sala hii katika Kanisa walikaa Afrika, katika majangwa ya Misri. Mtakatifu Antoni alizaliwa huko yapata mwaka 251. Alipokuwa kijana alisikia Injili ikisomwa kanisani, akayagawa mashamba aliyorithi, akaenda mahali pasipo watu. Alikaa yapata miaka 20 ndani ya ngome iliyoachwa, akisali. Je, aliwakimbia wenzake? Hasha. Serikali ya Roma ilipowatesa Wakristo, alishuka mpaka Iskanderia, akawafariji waliofungwa. Hata alipokuwa mzee sana alishuka tena kuitetea imani juu ya Umungu wa Kristo. Alikufa mwaka 356. Kwa hiyo kimya chake kilimpa nguvu ya kuwaendea watu siku ya shida.

Baada yake jangwa la Scetis likajaa watawa. Huko akaja Yohane Kasiano, aliyezaliwa yapata mwaka 360, pamoja na rafiki yake Germano. Vijana hawa wawili walikuwa na taabu mnayoijua ninyi nyote: kila walipoanza kusali, mawazo yao yalitangatanga kama mbuzi wasio na mchungaji. Walisoma zaburi hii, moyo ukaruka kwenye ile. Wakashika neno hili, mara wakakumbuka lingine. Wakamwendea mzee mmoja, Aba Isaka, wakamwuliza dawa yake. Mzee akawapa dawa iliyo fupi sana, aliyosema ameipokea kwa wazee waliomtangulia. Akawaambia wachukue mstari mmoja tu, ule ulio mwanzoni mwa Zaburi ya 70, ambao ndani yake mtu amwomba Mungu aje upesi kumsaidia, wakauseme moyoni bila kuuacha: katika raha na katika taabu, wakilala na wakiamka, kazini na safarini. Kwa kushika mstari mmoja, roho yaacha utajiri wa mawazo yake, yawa maskini mbele ya Mungu. Na Ufalme wa mbinguni umeahidiwa maskini wa roho.

Tazameni sasa jinsi mbegu hii ilivyosafiri. Kasiano alitoka Misri, na yapata mwaka 415 alikuwa Marseille katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Huko akaweka nyumba mbili za watawa, moja ya wanaume na moja ya wanawake, akaandika mazungumzo ya wazee wa jangwani. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya sita, aliagiza katika Kanuni yake kwamba watawa wakutanapo jioni wasomewe mazungumzo hayo. Wana wa Benedikto, wamisionari wa St. Ottilien wa Ujerumani, walifika pwani yetu mwaka 1888, wakafungua Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Basi mbegu iliyotoka Afrika imezunguka kwa miaka 1,500 ikarudi Afrika. Asemaye kwamba kimya ni kitu cha kigeni kwetu hajaijua safari hii.

HOFU YA NDUGU ZETU

Wasema kwanza: "Vikundi hivi vimetoka kwa Wahindu." Neno hili lina ukweli ndani yake, nasi tusilifiche. Katika miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, John Main, alifanya kazi ya serikali katika Malaya. Huko Kuala Lumpur alikutana na mtawa wa Kihindu aliyetunza yatima, naye akamfundisha kukaa kimya na kulirudia neno moja moyoni, lakini akamwambia achague neno la imani yake ya Kikristo. Mwaka 1959 John Main aliingia utawa wa Mtakatifu Benedikto katika monasteri ya Ealing, London. Mlezi wake wa unovisi akamwambia aiache njia ile, kwa kuwa si ya Kikristo. Akatii, akaiacha. Miaka mingi baadaye, akiwa mkuu wa shule moja katika Washington, alisoma vitabu vya Kasiano, akashangaa kukuta humo mafundisho ya Aba Isaka. Kile alichokiacha kwa utii, alikipata katika sanduku la urithi wa Kanisa lenyewe.

Aliporudi Ealing, alianza mwaka 1975 kuwakusanya Wakristo wa kawaida, wenye nyumba na kazi zao, wapate kusali hivyo. Mwaka 1977 akahamia Montreal katika Kanada, na huko akafa mwaka 1982. Neno alilowapa wanafunzi wake ni Maranatha, la lugha ya Kiaramu, ambalo Mtakatifu Paulo aliliandika mwishoni mwa barua yake ya kwanza kwa Wakorinto. Maana yake ni kumwita Bwana aje. Mnaona basi kwamba aliyesema neno hilo hakai na utupu. Anamngoja Mtu, na Mtu huyo ana jina.

Kanisa nalo halikunyamaza juu ya hofu hii. Mwaka 1989 Roma ilitoa barua kwa maaskofu juu ya tafakari ya Kikristo. Barua hiyo yatuonya tusifikiri kwamba namna ya kukaa au ya kuvuta pumzi yaweza kumleta Mungu kama fundi aletavyo maji kwa bomba. Sala ni kukutana na Mungu, na Mungu hujitoa kwa hiari yake. Lakini yasema pia kwamba mambo mema ya dini nyingine tusiyakatae kwa upofu, ila tuyapime kwa kipimo cha Kristo. Hiyo ndiyo njia yetu.

Wasema tena: "Kunyamaza ni uvivu, nasi tuna kazi nyingi." Nawajibu kwa habari ya katekista. Mtu huyu huongoza sala za Jumapili katika kigango kisicho na padre. Hufundisha wakatekumeni, hutazama wagonjwa, huzika wafu, hupatanisha mume na mke, na baada ya hayo yote hulima shamba lake. Kila siku hutoa. Je, hupokea lini? Kisima kichotwacho mchana na usiku bila kuachwa kijae, mwisho chatoa matope. Wako walimu wema walioacha kazi, na chanzo hakikuwa dhambi kubwa; walikauka tu. Walisema habari za Mungu mpaka wakasahau kusema na Mungu. Mwokozi wetu mwenyewe alijua hatari hii. Mitume waliporudi kutoka safari yao, na watu wakawasonga hata wasipate nafasi ya kula, aliwachukua faraghani wapumzike. Naye aliondoka alfajiri, kungali giza, akaenda kusali mahali pasipo watu. Ikiwa Bwana alikuwa na haja ya saa hiyo, mtumwa wake ataikosaje?

Tena wakati huu wetu una kelele kuliko wakati wa babu zetu. Wao waliketi gizani baada ya moto kufifia. Sisi twalala na simu mkononi, na twaamka nayo. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Twaogopa kimya kwa sababu ndani yake twausikia mshindo wa dhamiri.

JINSI YA KUTENDA

Ikimpendeza Baba Askofu kutoa ruhusa, nashauri mambo matano.

La kwanza, kikundi kiwe kidogo, kikutane mara moja kila juma, na Padre wa parokia akijue. Mmoja asome kifungu kifupi cha Injili. Kisha wote wakae wima, bila kujikaza, wafumbe macho, walishike neno lao moyoni kwa muda wa dakika 20 au 30. Mawazo yakija, wasigombane nayo. Walirudie neno tu, hata likiwapotea mara mia. Mwisho wasali Baba Yetu, waende zao.

La pili, kila mmoja afanye hivyo nyumbani asubuhi na jioni. Kukutana kwa juma kwasaidia, lakini mmea hunyweshwa kila siku.

La tatu, tufufue mafungo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyejifunza kusali Manresa tangu mwaka 1522, ametuachia Mazoezi ya Roho, yaliyothibitishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Yakifanywa kamili huchukua siku 30 hivi za kimya. Lakini Inyasi aliwafikiri wenye shughuli pia, akapanga kwamba mtu asiyeweza kuacha kazi zake ayafanye akiwa nyumbani, kwa saa moja na nusu kila siku. Naomba makatekista wapate mafungo ya siku tatu kila mwaka, na parokia iwapelekee jamaa zao chakula siku hizo, kwa kuwa hawezi kutulia aliyeacha watoto na njaa.

La nne, tuwafundishe watoto. Katika jimbo la Townsville, Australia, shule za Kikatoliki zimezoea mwanzoni mwa karne hii kuwapa watoto kimya cha dakika moja kwa kila mwaka wa umri: mtoto wa miaka saba, dakika saba. Kipimo hiki ni chepesi, nasi walimu twaweza kukijaribu bila gharama hata ya senti moja.

La tano, tuwe na busara. Sala ya kimya haichukui mahali pa Misa, wala pa Rozari, wala pa kumtembelea mjane. Mtu aliyelemewa na huzuni kubwa au ugonjwa wa akili asiachwe akae peke yake na kimya kirefu. Asaidiwe na padre na mganga wa hospitali. Wala mtu asijisifu kwa aliyoyaona au kuyahisi. Mtauambua mti kwa matunda yake: aliyenyamaza vema hutoka na ulimi mpole, mkono mkunjufu, na subira kwa mkewe, kwa mumewe na kwa wanafunzi wake. Asipotoka hivyo, na arudi kuanza tena kwa unyenyekevu.

Wapenzi, Nabii Eliya alipofika Horebu akiwa amechoka hata kuomba afe, ulipita upepo wa nguvu, tetemeko na moto, wala Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu, naye akafunika uso wake. Sauti hiyo haikumwacha pangoni. Ilimrudisha njiani, kwenye kazi iliyobaki. Jimbo letu nalo lina kazi iliyobaki. Walioleta imani hapa wamekwisha lala makaburini, na sisi tumeshika jembe lao. Mungu atujalie masikio ya kusikia kabla hatujafungua vinywa, ili watakaohesabu miaka baada yetu wakute imani iliyo hai ndani ya hayo makanisa tuliyoyajenga. Amina.